Seattle: Simu Inapotafuta Njia Mbele ya Macho Yako

Makumbusho mengi ya simu hukuonyesha vyombo vya kupigia simu: cheusi cha kuzungusha namba, kile cha ukutani chenye mkono wa kuzungusha, vyote ndani ya kabati la kioo. Vinapendeza, ila ni nusu ya habari. Simu isiyo na mtambo wa kuiunganisha na nyingine ni pambo tu.

Nusu ya pili imetunzwa, tena ikiwa hai, katika Connections Museum, eneo la Georgetown jijini Seattle, Marekani. Humo umo mtambo wa paneli wa mwaka 1923, wa mwisho wa aina yake duniani unaofanya kazi. Mgeni huzungusha namba, kisha hugeuka kutazama simu yake ikitafuta njia.

Na kweli huiona. Namba hudakwa kwanza na kifaa kinachoishikilia. Kisha mota, ambayo haipumziki, hupandisha ufito mrefu mbele ya paneli zilizojaa ncha za nyaya, laini 500 kwa fremu moja. Ufito hauambiwi ukomee wapi. Hupanda tu, na kila hatua unayopita hurudisha mpigo mmoja wa umeme. Kile kifaa huhesabu. Hesabu ikitimia, huusimamisha. Yote hayo kwa makelele ya kiwanda cha nguo.

Kazi hiyo zamani ilikuwa ya opereta kwenye swichibodi. Almon Strowger, mfanyabiashara wa maziko wa Kansas City, inasimuliwa alishuku kuwa opereta anawapeleka wateja wake kwa mshindani. Kisa chenyewe huenda kimetiwa chumvi, lakini hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, aliyoipata mwaka 1891, ni ya kweli, na mwaka uliofuata mji wa La Porte, Indiana, ukapata kituo cha simu kisichohitaji opereta.

Wanaoendesha mitambo ya Seattle ni watu wa kujitolea, na vipuri havitengenezwi tena viwandani. Hata hivyo, sidhani kama mzee wa 1923 ndiye mgonjwa wao mgumu zaidi. Akigoma, fundi hufuata ufito kwa macho mpaka ulipokwama. Jirani yake, mtambo wa kielektroniki wa 3ESS wa miaka ya 1970, ni kabati lililonyamaza: likiharibika, hakuna kilichokuwa kikisogea mbele ya macho ambacho sasa kimesimama.