Filme zisizojulikana sana, na namna ya kuziangalia nyumbani

Katika parokia nyingi, na katika seminari vilevile, jioni ya siku ya posho watu wanakusanyika mbele ya televizyo ao mbele ya kompyuta ya mtu mmoja. Wanaangalia nini? Mara nyingi ni ile filme iliyoletwa sokoni juma hili: vita, ngumi, wachawi, na mabibi tajiri wanaolia katika nyumba nzuri. Hatusemi kwamba kila filme ya namna hiyo ni zambi. Mtu aliyechoka ana ruhusa ya kucheka kidogo. Lakini ni ajabu kwamba mtu anayechagua kitabu chake kwa uangalifu anaacha muuzaji wa soko amchagulie filme. Kwani filme inaingia moyoni upesi kuliko kitabu, tena haipigi hodi.

Basi tunataka kueleza hapa juu ya filme nyingine, zile zisizotangazwa kwa makelele. Karibu zote ni za zamani. Moja haina hata sauti. Pengine utaanza kuziangalia kwa shida, sababu zinakwenda pole pole. Vumilia robo ya saa ya kwanza.

Utauliza: «Nitazijua namna gani, ikiwa hakuna mtu anayezitaja?» Jibu la kwanza ni hili: shika jina la mtengenezaji, si jina la mchezaji. Sisi sote tunazoea kusema «filme ya fulani», na huyo fulani ni yule tunayeona uso wake. Lakini mchezaji anatumika leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mtengenezaji, yaani yule anayewaongoza wachezaji na kukata picha, ana mawazo yake mwenyewe, nayo yanarudi katika kila kazi yake. Ukipenda filme moja ya mtu, tafuta nyingine ya mtu yuleyule.

Jibu la pili: kuna watu waliokwisha kutafuta mbele yetu. Wakatoliki walianzisha shirika lao la sinema, OCIC, tangu mwaka 1928, nalo lilitoa zawadi kwa filme nyingi katika mashindano makubwa. Mwaka 2001 liliungana na shirika la radio na televizyo, likaitwa SIGNIS. Katika mashindano ya Cannes, tangu 1974, Wakatoliki na Waprotestanti wanatoa zawadi yao pamoja. Tena mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filme 45 katika mafungu matatu: dini, mambo mema ya maisha ya watu, na ufundi wa sinema. Orodha hiyo ni mwanzo mzuri. Lakini haikukamilika: haimo filme hata moja iliyotengenezwa na Mwafrika, na ile filme ya padri tutakayoieleza sasa hivi haimo pia. Tuipokee kama msaada, si kama amri.

Filme hiyo ya padri ni «Journal d'un curé de campagne», yaani daftari la padri wa kijijini. Robert Bresson, Mfaransa, aliitengeneza akifuata kitabu cha Georges Bernanos cha mwaka 1936. Ilitoka mwaka 1951. Padri kijana amefika katika parokia yake ya kwanza, kijiji cha Ambricourt, kaskazini ya Ufaransa. Hana afya. Tumbo linamuuma, hawezi kula kitu isipokuwa mkate uliolowekwa katika divai mbaya, na kwa sababu hiyo watu wanasema ni mlevi. Wakatekista wataangalia kwa uchungu darasa la watoto: msichana mmoja, Séraphita, anajibu vizuri sana juu ya Ekaristia, padri anafurahi, anamwita karibu, kumbe wasichana walipatana mbele ili wamcheke. Kila jioni anaandika katika daftari lake, na sisi tunasikia sauti yake akisoma.

Katikati ya filme kuna mazungumzo marefu kati ya padri na bibi mkubwa wa kijiji. Bibi huyo alifiwa zamani na mtoto wake mwanamume. Anakwenda kanisani kama kawaida, lakini moyoni amemfungia Mungu mlango. Padri hana maneno ya werevu. Anasema yale anayoyaamini, anatetemeka, hakimbii. Mwisho bibi anatupa motoni kidani chenye nywele za mtoto wake, na padri anaingiza mkono katika moto ili akitoe, sababu Mungu hakumwomba vile. Bibi anapata amani. Usiku uleule anakufa. Watu wanasema padri amemwua kwa maneno yake. Yeye anayo barua ya marehemu ya kumshukuru, ingeweza kumtetea, lakini anaiweka kimya.

Wapadri wengine wanafikiri filme hii haifai kuonyeshwa, kwa sababu inaonyesha padri anayezarauliwa na asiyefaulu. Sisi tunaona kinyume. Katika seminari tunasoma mengi juu ya kazi ya padri, lakini machache juu ya ile jioni padri anaporudi nyumbani peke yake, akijua kwamba leo hakuna mtu aliyemsikiliza. Afazali kijana aione jioni hiyo kwa picha, akiwa bado na mwalimu wa kumwuliza, kuliko kuikuta kwanza katika parokia ya porini, mbali na ndugu zake. Tena wanafunzi wa teolojia watapata neno la kubishana: padri huyo anakufa na kansa ya tumbo katika mji wa Lille, nyumbani mwa rafiki wa seminari aliyeacha upadri na kuishi na mwanamke, na rafiki huyo ndiye anayempa maondoleo ya zambi. Wafungue kanuni 976 ya Sheria za Eklezya, wataona kama ilikuwa halali.

Ukiipenda kazi hiyo ya Bresson, tafuta «Un condamné à mort s'est échappé» ya mwaka 1956. Inafuata mambo ya kweli ya André Devigny, aliyetoroka gereza la Montluc, mjini Lyon, mwaka 1943, wakati wa Wadachi. Karibu filme nzima ni mtu mmoja, kijiko, ubao wa mlango na kamba. Vijana wanaopenda filme za vita wataikubali upesi, kisha watashangaa kwamba hawakuona bunduki ikipigwa.

Filme isiyo na sauti ni «La Passion de Jeanne d'Arc», ya mwaka 1928. Carl Theodor Dreyer, mtu wa Denmark, aliitengeneza Ufaransa, miaka nane baada ya Jeanne kutangazwa mtakatifu. Karibu yote ni nyuso tu: uso wa msichana, Renée Falconetti, na nyuso za mahakimu wake, ambao ni watu wa kanisa. Hapo padri anayeangalia hana mahali pa kujificha. Habari ya filme yenyewe ni ya ajabu: picha zake za asili ziliungua katika moto mjini Berlin mwaka uleule wa 1928, na kwa miaka mingi watu waliangalia nakala mbaya zilizokatwakatwa. Mwaka 1981 nakala nzuri ilionekana katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, Norvege. Kwa kuwa maneno yake yaliyoandikwa ni machache, hata mzee asiyejua Kifaransa anaweza kuifuata.

Sasa tuingie mashambani. «L'albero degli zoccoli», yaani mti wa viatu vya ubao, ni ya Ermanno Olmi, Mwitalia. Ilishinda zawadi kubwa ya Cannes mwaka 1978. Ni ndefu, saa tatu na zaidi. Wachezaji wake ni wakulima wa kweli wa upande wa Bergamo, nao wanasema kwa luga yao ya nyumbani. Tunaona jamaa za maskini mwishoni mwa karne ya 19, wanaolima shamba la bwana mmoja. Bwana anachukua mafungu mawili ya mavuno katika matatu. Nani kwetu hatawatambua watu hao? Wanakusanyika jioni kusali rozari na kusimulia hadisi. Babu anaficha mbolea ya kuku ili nyanya zake ziive mbele ya nyanya za wengine. Mjane ambaye ngombe wake ni mgonjwa anakwenda kuchota maji na kuyaomba baraka.

Padri wa parokia, Don Carlo, anamshauri mkulima mmoja ampeleke mtoto wake shuleni, kwa kuwa ana akili. Baba anakubali. Siku moja kiatu cha ubao cha mtoto kinavunjika njiani. Usiku baba anakata mti mmoja wa bwana, anamchongea kingine. Bwana anajua. Jamaa nzima inafukuzwa, wanapakia vitu vyao katika gari, na majirani wanabaki ndani wakiogopa. Shauri la padri lilikuwa jema, hakuna anayekataa. Lakini garama yake ilibebwa na mwingine. Olmi hasemi neno juu ya hilo, anaonyesha gari tu likienda gizani. Katika filme zote tulizotaja, hii ndiyo tungeipeleka kwanza katika mkutano wa wakatekista, ikigawanywa katika jioni mbili.

Na Afrika je? Watu wengi wanadhani filme ya Kiafrika ni ile ya uchawi iliyotengenezwa kwa siku tano. Angalieni basi «Yaaba», ya Idrissa Ouedraogo wa Burkina Faso, ya mwaka 1989. Luga yake ni kimoore, na Kifaransa kimeandikwa chini ya picha. Mtoto Bila anamzoea bibi mzee, Sana, anayeishi peke yake kando ya kijiji kwa sababu wanamwita mchawi. Mtoto anamwita yaaba, maana yake nyanya, yaani mama ya mama. Binamu yake Nopoko anapougua, watu wanamlaumu yule mzee na kuchoma nyumba yake. Lakini yeye ndiye anayetembea mbali kumtafuta mganga wa dawa za miti. Huku kwetu wazee wanafukuzwa, na watoto pia, kwa neno lilelile moja, mara nyingine na watu wanaotoka kusali. Mahubiri juu ya jambo hilo tumetoa mengi, na wasikilizaji wanatikisa kichwa tu. Filme hii haihubiri. Inamwacha mtu akae saa moja na nusu karibu na mwanamke mzee mpaka amjue. Hapo kusema «mchawi» kunakuwa kugumu.

Ya Kikongo tutaje moja: «Pièces d'identités» ya Ngangura Mweze, iliyopata zawadi kubwa ya FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1999. Mfalme mzee anakwenda Bruxelles kumtafuta binti yake. Inachekesha, tena inauma.

Inabaki namna ya kuangalia. Zamani, wakati wa Wabelgiji, komisyoni ya serikali ilichagua filme ambazo Waafrika waliruhusiwa kuona, na wamisionari wengine walitengeneza filme zao wenyewe. Wazee wa Kasai wanakumbuka Matamata na Pilipili wa Padri Albert Van Haelst. Wengi walifikiri wakati ule kwamba Mwafrika hawezi kufuata filme ngumu. Walikosa. Lakini desturi yao moja ilikuwa nzuri: mtu alisimama karibu na picha na kueleza kwa luga ya watu. Tufanye hivyo tena. Mtu mmoja aangalie filme mbele, peke yake, kisha siku ya watu wote asome kwa Kiswahili yale yaliyoandikwa chini, kwa sauti ndogo, bila kuongeza maelezo yake.

Mashini ya umeme iwekwe mbali nyuma ya nyumba, ama sivyo hakuna atakayesikia kitu. Telefone zizimwe. Watu kumi na tano wanatosha. Wakiwa mia, ni sherehe. Msikate filme katikati ili kueleza. Ikiisha, acheni dakika chache za kimya, kisha msiulize «nani mwema, nani mbaya?», kwani hapo kila mtu atajibu kama katika katekisimu. Ulizeni: «Ni picha gani inayobaki machoni pako?» Mzee mmoja atataja gari la Bergamo, mwingine mkono wa padri katika moto, na mazungumzo yataanza yenyewe.

Kwa kuzipata: nyumba za utamaduni za Wafaransa katika miji mikubwa zina nyingi kati ya hizo, na ndugu anayesoma Ulaya anaweza kuleta diski mbili tatu katika sanduku lake. Kwa telefone mega zinaliwa upesi. Anzeni na «Yaaba» ao na Jeanne d'Arc, ambazo ni fupi. Filme ya Olmi ingojee siku umeme utakapokuwa wa hakika.