Mlenda si Maji

Chota mlenda kwa mwiko, uinue taratibu. Uzi wake hurefuka, na ukikatika kipande cha juu hurudi mwikoni. Maji hayafanyi hivyo. Mlenda hutiririka na papo hapo huvutika kama mpira, kwa kuwa ndani yake mna molekuli ndefu zilizojikunja. Zikivutwa hunyooka, zikiachwa hujikunja tena. Kujikunja huko huchukua muda, na muda huo ndio kiini cha habari hii.

Mwaka 1883, mjini Manchester, Osborne Reynolds alipitisha mstari wa rangi katika maji ndani ya bomba la kioo. Maji yalipokwenda polepole mstari ulinyooka. Yalipokwenda kasi ulivurugika. Tangu hapo imeaminika kuwa msukosuko huletwa na inesha, yaani ukaidi wa kitu kinachokwenda kubadili mwendo wake, na kwamba katika mfereji mwembamba kama unywele mtiririko hutulia. Kwa maji ni kweli. Kwa vimiminika vinavyonyumbuka, imani hiyo inapotosha.

Mwaka 2000, Alexander Groisman na Victor Steinberg wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walitia polima, yaani molekuli ndefu kama zile za mlenda, kidogo mno, sehemu 80 kwa milioni, katika maji mazito ya sukari, wakayazungusha kati ya mabamba mawili. Namba ya Reynolds, inayolinganisha inesha na mnato, ilikuwa chini ya 1, lakini mtiririko ulivurugika vibaya. Molekuli zilizonyooka kwenye njia ya mviringo hukaza kama mpira uliovishwa gogo, zikibana kimiminika kuelekea katikati. Mkazo ukizidi, utulivu huvunjika.

Wembamba wa mfereji hauzuii jambo hili, hulichochea. Punguza upana bila kupunguza mwendo: inesha hufifia, ila tabaka za kimiminika hupishana kwa kasi zaidi, na molekuli hukosa nafasi ya kujikunja. Zidisha muda wa kujikunja kwa kasi hiyo ya kupishana, utapata namba ya Weissenberg. Hiyo ndiyo ya kutazamwa.

Vurugu hii ina faida. Mwaka 2001 watafiti haohao waliitumia kuchanganya vimiminika katika mfereji wenye mapindo, mahali ambapo mikondo ya maji matupu ingepita ubavu kwa ubavu bila kuchanganyika.

Basi, wewe unayesanifu kifaa cha kupimia damu au makohozi, usitosheke na namba ya Reynolds. Pima kwanza molekuli za kimiminika chako huchukua muda gani kujikunja.