Faili Inakataa Kufunguka: Tufanye Namna Gani?



Siku hizi masomo mengi yanatufikia kwa njia ya simu na ordinatere. Mtu anapakua faili toka intaneti, mega zinakwisha, na wakati wa kuifungua anaona ukurasa mweupe ao maneno «faili imeharibika». Wengi wanapakua tena, mara ya pili, mara ya tatu. Hiyo ni kutupa makuta bure. Faili ikikataa kufunguka iko na sababu, na mara nyingi sababu ile inaonekana kwa macho. Basi, kabla ya kulipa mega zingine, tuulize maulizo mane.

1. Faili ilifika yote?
Kupakua ni kama kushusha magunia toka motokari: motokari ikiondoka mbele ya gunia la mwisho, mzigo haukutimia. Rezo ikikatika, faili inabaki nusu. Angalia mwisho wa jina lake. Chrome inaandika .crdownload kwa faili isiyokwisha, na Firefox inaandika .part. Kubadilisha jina hakutasaidia kitu, kwani sehemu inayokosekana bado haiko. Fungua orodha ya vitu ulivyopakua, gusa «Reprendre». Mara nyingi kazi itaendelea pale ilipokatika, bila kuanza mwanzo.

2. Ni kitu kile jina linasema?
Jina ni kama karatasi iliyobandikwa juu ya chupa. Si dawa yenyewe. Mara ingine tovuti inataka kwanza jina lako na neno la siri. Usipoyatoa, inakutumia ukurasa wa kuingilia tu, nao unachungwa kwa jina «masomo.pdf». Kitabu cha kurasa 200 chenye uzito wa kilo-okteti 12 kinatia mashaka! Kwa kuhakikisha, fungua faili ndani ya Bloc-notes ya Windows. PDF ya kweli inaanza kwa alama %PDF. Faili ya Word ya .docx inaanza kwa herufi PK. Ukiona <html, ujue ni ukurasa wa tovuti. Rudi kule, uingie kwanza, kisha upakue.

3. Iko programu ya kuisoma?
PDF ilitoka kwa kampuni Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 ni kanuni ya dunia nzima. Chrome inaisoma yenyewe tangu 2010, Firefox tangu 2013. Ikionyesha ukurasa mweupe ndani ya programu hizo, ichunge kwanza ndani ya mashini, kisha uifungue kwa Adobe Reader: kuna fomu zingine za kujaza zinazotaka hiyo tu. Kwa .docx inafaa Word, ao LibreOffice ambayo ni ya bure. Lakini masomo ya zamani yaliyotengenezwa kwa Flash, usiyahangaikie: Adobe iliacha Flash mwisho wa mwaka 2020.

4. Iko nafasi?
Simu iliyojaa picha na video haina fasi ya kuweka kitabu. Ondoa visivyofaa, kisha ujaribu tena.

ANGALISHO. Kuna faili moja ambayo heri isifunguke kabisa: ile ya jina kama «majibu.pdf.exe». Hiyo si kitabu, ni programu, na inaweza kuharibu kazi yote iliyo ndani ya mashini ao kuiba maneno yako ya siri. Tena Windows, kama hukuibadilisha, inaficha sehemu ya mwisho ya majina, na wewe unaona «majibu.pdf» tu. Ndani ya dirisha la mafaili, fungua «Affichage», uombe ionyeshe «Extensions de noms de fichiers». Ukiona .exe pale ulipongojea somo, ifute bila kuigusa mara mbili.

Neno la mwisho ni hili: mmoja akipata faili nzima na yenye kufunguka vizuri, wenzake waichukue kwake kwa Bluetooth, ambayo haili mega hata moja. Kwa namna hiyo darasa lote litasoma kwa bei ya mtu mmoja.