Mashua ya vita ya 1915 juu ya meza yako

Mwaka 1915 Waingereza walipitisha mashua mbili za vita za motere, Mimi na Toutou, katika Katanga mpaka ziwa Tanganyika, ili kupigana na Wajerumani. Leo unaweza kujenga Mimi na kartoni, lakini kwanza chagua kipimo. Ku 1/72, kila sentimita 72 inakuwa sentimita 1: mashua ya mita 12 inabaki sentimita 17. Pima, chora, kata, kiisha bandika. Kama gundi iko na harufu kali, fungua dirisha. Usisahau mtu: mita 1,70 inakuwa sentimita 2,4. Umusimamishe pembeni ya mashua. Hapo utaelewa kazi ya babu zetu wenye kukata njia mu milima ya Mitumba: ile mashua haikujivuta yenyewe.