Kusoma na Kuelewa: Kiingereza cha Kidato cha Nne Katika Milima ya Vidunda



Kila mwaka Novemba inapokaribia, tunapokea barua kutoka upande wa Mikumi na Kidodi zenye ombi la aina moja: fedha za kununua vijitabu vya mitihani iliyopita, na za kumlipa mwalimu wa twisheni ya Kiingereza kwa vijana wa kidato cha nne. Ni ombi la haki, na linatoka kwa wazazi ambao wamekwisha kuuza maharage na ndizi ili mtoto apate sare na madaftari. Hata hivyo, kabla fedha za kanisa hazijatoka, tumeona vyema tueleze katika kurasa hizi mtihani huo unamtaka kijana afanye nini hasa. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya fedha hizo ingefaa iende mahali pengine.

Kwa marafiki wa mbali wasiofika huku: Vidunda ni kata ya milimani katika wilaya ya Kilosa, kaskazini mwa Mto Ruaha Mkuu. Chini yake kuna Kidodi, mashamba ya miwa na barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Wazee wa milimani wanazungumza Chividunda. Mtaalamu wa lugha Karsten Legère, aliyeichunguza lugha hiyo katika miaka ya 2000, alionyesha jinsi Kiswahili kinavyozidi kuchukua nafasi yake. Basi mtoto wa Vidunda anaweza kumsikia bibi yake kwa lugha moja, akafundishwa shule ya msingi kwa lugha ya pili, na akafika kidato cha kwanza kukuta Biolojia, Jiografia na Hisabati zote ziko katika lugha ya tatu. Kijana ambaye mwisho wa kidato cha nne hakupata alama za kuendelea, mara nyingi tunamkuta mwaka unaofuata akikata miwa huko bondeni. Kazi hiyo ni halali na ina heshima yake, lakini tungependa aifanye kwa kuichagua.

Kuhusu lugha ya kufundishia, mjadala ni wa zamani kuliko wengi wa wasomaji wetu. Tume ya Rais ya Elimu iliyotoa taarifa yake mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike hadi sekondari, na Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi nchini na kukuta kwamba wengi wa sekondari hawakuwa na uwezo wa kusoma vitabu vya masomo yao. Walishauri, pamoja na mengine, wanafunzi wapewe vitabu vingi vyepesi vya hadithi wasome kwa wingi, na kuanzia mwaka 1987 ukaendeshwa mradi wa kufanya hivyo kwa msaada wa Uingereza. Baadaye, kuanzia mwaka 2006, shule za kata zilienea nchi nzima, na milango ikafunguliwa kwa watoto ambao zamani wasingefika sekondari kabisa. Idadi iliongezeka haraka kuliko vitabu na walimu. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri. Serikali iliunda tume, na matokeo yenyewe yakapangwa upya.

Tunaongeza jambo moja ambalo wazazi huwa hawalifahamu. Kuanzia mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yaliwekewa mkazo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na somo la Kiingereza likasogezwa hadi darasa la tatu. Mtoto aliyeanza shule mwaka huo alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2025. Alikuwa na miaka 5 ya Kiingereza kama somo moja kati ya mengi, kisha ghafla kikawa ndicho chombo cha kujifunzia karibu kila kitu.

Sasa tuje kwenye ufahamu wenyewe. Kwa miaka mingi karatasi ya Kiingereza ya kidato cha nne ilifunguliwa na kifungu cha habari chenye maswali, na ufupisho wake. Muundo wa mtihani hubadilika mara kwa mara, lakini uwezo unaopimwa haubadiliki, nao unahitajika katika kila karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ili tusizungumze hewani, tumetunga kifungu kifupi cha mfano:

"The rain stopped early that year. Few families sold their goats, although the trader came twice. At the village meeting Mama Neema hardly spoke. Unless the road is repaired, she thought, nobody will buy our beans."

Maana yake ni hii: mwaka ule mvua ilikatika mapema, karibu familia zote hazikuuza mbuzi, ingawa mfanyabiashara alikuja mara mbili, kwenye mkutano wa kijiji Mama Neema karibu hakusema neno, aliwaza kwamba barabara isipotengenezwa hakuna atakayenunua maharage yao.

Hakuna neno gumu hapo. Lakini mwanafunzi mwenye haraka anaona "hardly", anakumbuka "hard", na anaandika kwamba Mama Neema alizungumza kwa ukali au kwa bidii. Amegeuza habari juu chini. Anaona "few", anaichukulia kama "a few", na familia ambazo karibu hazikuuza kabisa zinakuwa familia kadhaa zilizouza; Kiswahili chetu kinasema "chache" kwa yote mawili, kwa hiyo si ajabu akateleza. "Unless" anairuka, na barabara inakuwa imekwisha kutengenezwa. Vineno hivi vidogo ndivyo vinavyobeba maana, na havipatikani kwa kukariri orodha ya misamiati migumu ambayo walimu wengi wa twisheni huanza nayo. Vinaingia kichwani kwa kukutana navyo mara mia katika hadithi.

Maswali nayo si ya aina moja. Tukiuliza mfanyabiashara alikuja mara ngapi, jibu liko mstarini, linachukuliwa kama lilivyo. Tukiuliza kwa Kiingereza "What did Mama Neema fear?", yaani aliogopa nini, jibu haliko mstarini, kwa sababu neno la kuogopa halimo kabisa. Hapo ndipo vijana wetu wengi wanapokwama. Njia waliyozoea ni kuchukua neno la swali, kulitafuta katika kifungu, na kunakili sentensi nzima lilimoonekana. Neno lisipoonekana, wananakili sentensi ya kwanza. Kwa hiyo tutasoma kwamba Mama Neema aliogopa mvua kukatika mapema, na mwanafunzi atashangaa kwa nini amekosa alama wakati ameandika Kiingereza kisicho na kosa hata moja.

Swali la kutafuta kichwa cha habari kinachofaa huonekana jepesi, nalo hukosewa sana, kwa sababu linadai mtu awe ameshika kifungu chote kwa pamoja. Ufupisho vivyo hivyo. Kufupisha hakuhitaji kuanzia somo la Kiingereza. Kijana anaweza kupewa matangazo ya ibada ya Jumapili, ambayo sote tunajua urefu wake, ayatoe kwa sentensi tatu bila kuacha jambo la lazima. Wainjilisti watatusamehe.

Kisha kuna lugha ya maswali katika masomo mengine. Katika Historia mtahini anaposema "account for", anataka sababu. Hataki hesabu wala masimulizi ya tukio. "Outline" inataka mambo kwa ufupi, na "differentiate" haitoshelezwi na kueleza kitu kimoja tu. Mwanafunzi anayejua vizuri habari za biashara ya pembe za ndovu anaweza kuzieleza ukurasa mzima na asipate kitu, kwa kuwa hakuelewa ameulizwa nini. Hasara hiyo huandikwa kwenye Historia, na mzazi hudhani mtoto hajui Historia.

Sisi Walutheri hatupaswi kuona jambo hili geni. Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, haimwachi mtoto aishie kuitaja amri. Kila baada ya amri anaulizwa maana yake. Na katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Filipo alipomsikia towashi Mwethiopia akisoma chuo cha nabii, alimwuliza kwanza kama anaelewa. Yule bwana alijua kusoma, tena kwa sauti. Alichokosa ni mtu wa kupanda garini na kukaa naye. Kusema kweli, katika madarasa yetu ya kipaimara tunafahamu pia upande wa pili: mtoto anaweza kuyatamka maelezo yote ya Luther bila kukosea na asijue amesema nini. Kukariri kwa namna hiyo ndiko kunakouzwa kwenye vijitabu vya mitihani yenye majibu.

Hatusemi mitihani iliyopita haina faida. Katika wiki za mwisho inamfundisha mtahiniwa kugawa muda wake. Lakini haina haja ya kununuliwa kwa bei ya sokoni. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka katika tovuti yake karatasi za miaka iliyopita na miundo ya mitihani, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na zote hupatikana bure. Taarifa hizo za uchambuzi zinaonyesha hata picha za majibu mazuri na mabaya. Kijana mmoja mwenye simu akishuka Mikumi anaweza kuzipakua na kuzichapisha dukani, na nakala moja ikatumiwa na kikundi kizima.

Fedha zielekezwe kwenye vitabu vya kusoma, na kwenye mahali pa kusomea. Vitabu viwe vyepesi kuliko darasa la msomaji. "Hawa the Bus Driver" na "Mabala the Farmer", vyote vya Richard Mabala, vimetumika sana katika madarasa ya chini ya sekondari, na tunaona hakuna aibu mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne kuanzia hapo. Anayemaliza kitabu chembamba kwa siku tatu na kucheka mahali pa kuchekea, amejifunza zaidi ya yule aliyepigana na ukurasa mmoja wa riwaya ngumu kwa wiki nzima, kamusi mkononi. Kamusi itumike kwa neno linalorudi mara ya tatu na bado halijaeleweka. Mengine msomaji akisie kutokana na maneno jirani, maana hata kwenye chumba cha mtihani hatakuwa na kamusi.

Utaratibu tunaopendekeza kwa kikundi ni mwepesi. Kifungu cha nusu ukurasa kinasomwa kimyakimya mara moja, kalamu zikiwa chini. Vitabu vinafungwa. Mmoja anasimulia kwa Kiswahili alichosoma: ni nani, alitaka nini, nini kilimzuia, ikawaje. Wengine wanamsahihisha. Wanasoma tena, na safari hii kila mmoja anaonyesha mstari uliompa jibu lake. Mwisho ndipo wanaandika majibu kwa Kiingereza, kwa sentensi zao wenyewe.

Tunajua baadhi ya walimu hawapendi Kiswahili kisikike katika kipindi cha Kiingereza, na ziko shule zinazotoa adhabu kwa hilo. Hatukubaliani nao katika zoezi hili. Asiyeweza kusimulia habari kwa lugha anayoimudu hajaielewa, na ni afadhali ijulikane mapema. Mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Bristol, ulioanza mwaka 2013, uliandaa vitabu vya kidato cha kwanza kwa msingi huohuo: Kiingereza chepesi, maneno muhimu yakiwa na Kiswahili chake pembeni, na wanafunzi wakiruhusiwa kujadiliana kwa Kiswahili kabla ya kuandika.

Kuhusu muda, tungependa vikundi vianze mwanafunzi akiwa kidato cha pili au cha tatu. Septemba ya kidato cha nne ni kuchelewa. Kwa milimani tunashauri Jumamosi asubuhi badala ya jioni, hata kama usharika una taa ya sola. Njia ni ndefu, na wasichana wakitoka gizani wazazi watawazuia, nao watakuwa na haki. Si lazima msimamizi awe mwalimu wa Kiingereza. Kijana aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo anafaa kabisa, ilimradi mwalimu wa shule amepitia orodha ya vitabu pamoja naye. Sanduku moja la vitabu linaweza kuzunguka kutoka mtaa hadi mtaa, lenye daftari la kuazima linalotunzwa na mzee wa kanisa.

Kamati zitakazoomba mwaka ujao zitaje katika barua zao chumba kitakachotumika, siku na saa, jina la msimamizi, idadi ya wanafunzi kwa kila kidato, na kiasi ambacho usharika wenyewe utachangia, hata kikitokana na mnada wa mazao baada ya ibada. Vikundi viwe wazi kwa watoto wa madhehebu na dini zote. Barua zipitie kwa mchungaji wa usharika na zitufikie kabla ya mwisho wa Januari, ili masanduku yapande Vidunda kabla mvua za masika hazijaharibu njia ya mlimani.