Kukalia Maji ya Dawa: Adabu ya Lugha Isituponze

Mwanamke wa Pwani ajifunguapo, maji ya moto hayakosekani nyumbani. Hukandwa mwili, na aghalabu huambiwa akalie maji yaliyochemshiwa majani. Kukalia maji: maneno mawili, na jambo limeeleweka. Waingereza iliwabidi waliazime jina lake kwa Wajerumani, Sitzbad, yaani kuoga kwa kuketi. Sina ugomvi na desturi hiyo. Maji ya vuguvugu hupunguza maumivu ya mshono na ya bawasiri, na wakunga wa hospitali nao huyapendekeza.

Ugomvi wangu ni na maelezo yake. Msichana huambiwa "ajisafishe sehemu za siri" kwa maji ya mwarobaini. Sehemu ipi? Lugha yetu ya adabu imefunika kwa kanga moja vitu viwili ambavyo tabibu hathubutu kuvichanganya: ngozi ya nje na njia ya ndani. Hata neno uke, ambalo lingetufaa, lina mzigo wa pili, kwani ni hali ya kuwa mwanamke vilevile. Basi msichana hubaki kukisia, naye hukisia kwamba usafi wa kweli ni ule ufikao ndani.

Hapo ndipo penye madhara. Uke hujisafisha wenyewe. Mna bakteria wenye manufaa wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo huzuia viini vya maradhi. Ukitia humo maji ya majani, siki, ndimu au sabuni, unawafukuza walinzi. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti za Afrika kusini mwa Sahara, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa kujisafisha ndani kwa sabuni kulihusiana na kuongezeka kwa uambukizaji wa virusi vya UKIMWI.

Kukalia ni kukalia. Sioni katika kitenzi hicho kiambishi kinachomwagiza mtu kuingiza chochote. Beseni liwe safi, lisiwe la kufulia. Maji yachemshwe, yachujwe, yapoe hata kiwiko kisihisi moto. Dakika 10 hadi 15 zatosha, kisha ajipanguse taratibu kwa kitambaa safi. Majani si lazima, na uasili wake si kinga: mwarobaini na mdalasini huweza kuwasha ngozi laini. Mjamzito, au mwenye mshono mbichi, amwulize mkunga kwanza. Mvuke nao ni hatari nyingine. Mwaka 2019 daktari wa Kanada aliandika habari za mwanamke wa miaka 62 aliyeungua kwa kujifukiza juu ya maji yaliyokuwa yakichemka.

Walimu wenzangu, somo hili likitufikia darasani, tutamke "nje" na "ndani" bila kukohoa. Tuwaambie wasichana pia kwamba anayetokwa na uchafu wenye harufu mbaya, anayewashwa, mwenye vidonda, homa au maumivu ya chini ya kitovu, hana haja na beseni; aende zahanati siku hiyo hiyo.