Faili lisilosomeka kwenye simu ni gharama kwa mfanyabiashara wa mpakani

KANYOSHA, Bujumbura – Barabara kuu namba 3 inatoka Bujumbura ikipitia Kanyosha, kisha inafuata ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Mbele ya hapo njia ya Mugina inaingia Tanzania kwa upande wa Manyovu, mkoani Kigoma. Kwa mfanyabiashara mdogo anayetumia njia hiyo, swali la kwanza kabla ya kukodi gari ni moja: mzigo huu utalipiwa nini mpakani?

Jibu limeandikwa, na liko kwenye mtandao. Tatizo ni namna lilivyowekwa huko.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007 na kuingia katika umoja wa forodha mwaka 2009. Toleo la ushuru wa pamoja lililoanza kutumika Julai 1, 2022 lina viwango vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35, mbali na bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Jedwali hilo husambazwa kama faili la PDF la mamia ya kurasa, kwa Kiingereza. Upo pia utaratibu rahisi wa biashara ndogo. Mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine na vibali, kama vile vya afya ya mimea, vinabaki palepale. Asiyejua hayo hulipa asichodaiwa, au humlipa mtu wa kati amweleze jambo ambalo lingepatikana bure. Hapo ndipo aina ya faili inapoingia kwenye hesabu ya faida na hasara.

Muundo wa PDF ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili ukurasa uonekane na kuchapwa vilevile kwenye kila mashine, na mwaka 2008 ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Kwa fomu ya kuchapwa, kujazwa kwa kalamu na kupigwa muhuri, ni vigumu kupata kinachoushinda. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo kasoro yake kwenye simu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, wakati kioo cha simu ya kawaida ni kama milimita 70 tu. Ukurasa ukibanwa utoshe, herufi ya ukubwa wa 11 huonekana kama iko chini ya 4. Msomaji inabidi aukuze, kisha ausogeze kushoto na kulia kwa kila mstari. Kwenye jedwali ni balaa zaidi, kwani akifika kwenye safu ya asilimia, jina la bidhaa limeshatoka kwenye kioo.

Hoja hii si mpya. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2003 kwamba PDF haifai kusomwa kwenye kioo, na mwaka 2020 kampuni yake ikarudia hukumu hiyo hiyo. Mwaka 2018 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza ilieleza kwa nini taarifa za serikali ziwekwe kama kurasa za kawaida za tovuti, yaani HTML, ambazo maandishi yake hujipanga yenyewe kufuata upana wa kioo.

Aidha, PDF ziko za namna mbili, na tofauti yake ni kubwa. Iliyohifadhiwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ina maandishi ndani yake. Iliyopitishwa kwenye skana ni picha tu ya karatasi. Ukurasa wa maneno 500 ukiwa maandishi matupu ni kama kilobaiti 4, ilhali picha ya ukurasa huo kutoka kwenye skana hufika kwa urahisi kilobaiti 300. Waraka wa kurasa 40 basi ni megabaiti 12 kwa picha, na kilobaiti 160 kwa maandishi. Mtandao ukiwa hafifu, tuseme kilobiti 200 kwa sekunde, picha zitachukua dakika 8 na maandishi sekunde 6 hivi. Mnunuzi wa kifurushi kidogo cha intaneti anajua ni lipi atakalolikatia tamaa. Ofisi iliyopitisha karatasi kwenye skana imeokoa muda wa karani mmoja, mara moja. Gharama wanabeba wasomaji wote, kila mmoja kwa mfuko wake.

Picha ina madhara mengine. Neno halitafutiki ndani yake. Pia msomaji aliyesoma kwa Kifaransa hawezi kunakili aya ya Kiingereza na kuitia kwenye programu ya tafsiri, jambo ambalo kwa ukurasa wa tovuti ni kazi ya sekunde chache. Zipo programu zinazogeuza picha kuwa maandishi, lakini nazo hukosea tarakimu, na kwenye forodha tarakimu moja ni mzigo mwingine kabisa. Namba 1006.30 ni mchele uliokobolewa. Hiyo 6 ikisomwa kama 8, inakuwa 1008.30, ambayo ni mbegu za kulishia ndege.

Kwa asiyeona, picha ni ukurasa mtupu. NVDA, programu ya bure inayosoma kioo cha kompyuta kwa sauti, na TalkBack iliyomo kwenye simu nyingi za Android, zinahitaji maandishi. Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja wazi upatikanaji wa habari, intaneti ikiwemo. Tangu 2012 kipo hata kiwango cha ISO cha kutengeneza PDF inayosomeka kwa sauti, yenye alama za ndani zinazoonyesha kichwa, aya na jedwali. Hata hivyo alama hizo hazijiweki zenyewe, lazima anayeandaa faili aziweke.

Kwa nini basi skana haiachwi? Jibu la haki ni muhuri. Mfanyabiashara anayebishana na ofisa mpakani anataka kuonyesha karatasi yenye saini, na ukurasa wa tovuti hauna uzito huo mbele ya dawati. Hoja hii ina nguvu, lakini haimlazimishi mtu kuchagua kimoja. Maandishi yawekwe kwanza kama ukurasa wa tovuti, wenye tarehe na namba ya waraka, na nakala yenye muhuri ifuate chini yake, ukubwa wake ukiwa umetajwa ili anayeipakua ajue anachokigharimia.

Orodha za ushuru na bei zinafaa zaidi kugawanywa sura kwa sura kwenye kurasa za tovuti, na pembeni liwekwe faili la Excel au CSV kwa wakala wa forodha anayetaka kupiga hesabu. Faili la Word libaki kwa waraka ambao mpokeaji anatakiwa kuujaza au kuuhariri, maana mpangilio wake hubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine. Mfano wa karibu ni InfoTradeKenya, lango la taarifa za biashara la Kenya linalotumia mfumo wa UNCTAD, ambalo huonyesha taratibu hatua kwa hatua kama kurasa za tovuti, na fomu zikiwa pembeni.

Kupima faili hakuhitaji mtaalamu. Lifunguliwe kwenye simu ya bei nafuu, kidole kishikiliwe juu ya neno moja. Neno likichaguliwa, ndani mna maandishi. Ukurasa mzima ukitulia kama picha ya harusi, karani arudi kwenye kompyuta alikoandikia waraka na kulihifadhi upya kutoka hapo, bila kupitia skana.